Kadi Mbili, Bodi Moja: Namna ya Kumpima Fundi wa Kompyuta

Kompyuta yenye kadi moja ya grafiki na vipande viwili vya RAM haimpimi fundi. Yeyote mwenye bisibisi na mchana mtupu ataiunganisha, na kwa kawaida itawaka. Ukitaka kumjua fundi, mpe mashine ya kurenda: kadi mbili au tatu, RAM iliyojaza sloti zote, na malalamiko yasiyo na kichwa wala miguu. Kadi ya pili haionekani. RAM ya GB 64 inasomeka GB 48. Kila kadi ikiwa peke yake mashine inawaka, zikikaa pamoja skrini inabaki nyeusi. Ukipima kifaa kimoja kimoja, vyote ni vizima. Ugonjwa uko kwenye kukaa kwao pamoja, na ugonjwa wa namna hiyo hautibiwi kwa kununua kifaa kipya.

Ubora wa fundi huonekana kwenye maswali yake kabla ya kuonekana kwenye mikono. Wa kubahatisha huanza kuchomoa: anatoa RAM, anaifuta kwa kifutio, anairudisha, anawasha, anabadilisha kadi, anawasha tena. Mara nyingine mashine huamka, na hapo ndipo pabaya, maana hajui kilichoiamsha na wewe utarudi wiki ijayo. Fundi mzuri anataka jina kamili la bodi mama, pamoja na ile namba ndogo ya toleo iliyochapwa pembeni mwake. Anauliza prosesa, anauliza toleo la BIOS, anauliza nini kimechomekwa kwenye sloti ipi. Kisha anafungua kitabu cha bodi hiyo kwenye simu, kinapatikana bure kwa mtengenezaji, na anakwenda moja kwa moja kwenye jedwali la sloti. Wapo wanaosema wameshakariri. Bodi ni nyingi mno, na mimi bado sijamwamini anayedai kuzikariri zote.

Anachotafuta kwenye jedwali lile ni njia. Kadi huzungumza na prosesa kupitia njia za PCIe, na idadi yake imepangwa na prosesa. Haiongezeki kwa sababu bodi imejaa sloti. Prosesa nyingi za Ryzen za soketi ya AM4 zina njia 24: 16 za kadi, 4 za diski ya NVMe, 4 za kwenda kwenye chipseti. Za Intel za soketi ya LGA1700 zina 20. Xeon E5 za kizazi cha v3 na v4 zina 40, na EPYC nyingi za seva zina 128. Njia ni kama shamba la urithi: warithi wakizidi, vipande hupungua, na shamba ni lile lile. Bodi nyingi nzuri za X570 huligawa nusu kwa nusu, njia 8 kwa kila kadi, na kwa kurenda njia 8 zinatosha kabisa. Bodi ya B450 kwa kawaida humpa wa kwanza zote 16, na wa pili huning'inizwa kwenye chipseti kwa njia 4 za PCIe 2.0. Kwa sura bodi hizi mbili hazitofautiani: sloti ndefu mbili, pengine zote zimevishwa chuma cha kung'aa.

Kuna njia ya haraka ya kuikagua sloti hata kitabu kisipokuwepo. Imulike kwa tochi ya simu utazame meno yake ya ndani. Mara nyingi sloti ndefu yenye njia 4 tu ina meno kwenye chini ya nusu ya urefu wake, na sehemu iliyobaki ni plastiki tupu. Fundi anayemulika kabla ya kuchomeka amekwisha kujibu nusu ya swali.

Baada ya jedwali huja maandishi madogo chini yake, na hapa ndipo wengi hukwama. Bodi nyingi huandika huko kwamba ukiweka diski kwenye sloti fulani ya M.2, sloti moja ya PCIe au matundu mawili ya SATA yatazimika. Mteja aliongeza diski mwezi uliopita, kadi ya tatu ikapotea, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Kumwuliza mteja ni nini kimebadilika tangu siku mashine ilipokuwa nzima ni swali lisilogharimu kitu. Fundi asiyeliuliza atakuuzia kadi.

Mashine za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya na Marekani zina mtego wao. Chukua HP Z840 au Dell Precision T7910: ni mashine za soketi mbili za prosesa, zenye sloti 16 za RAM na sloti ndefu za PCIe za kutamanisha. Aliyeuza akiwa amebakiza prosesa moja tu, sloti za RAM za upande wa pili zimekufa, na sloti za PCIe zinazohudumiwa na prosesa ile isiyokuwepo nazo zimekufa. Hakuna kilichoharibika. Dawa ni prosesa ya pili inayolingana na ya kwanza pamoja na hitisinki yake, au kuhamisha kadi na RAM upande wenye uhai. Fundi asiyejua hili atatangaza bodi mbovu, na bodi ya mashine hizo si kitu cha bei ndogo.

Vivyo hivyo kwa bodi za bei nafuu kutoka China zinazouzwa kwa jina la X99. Nyingi ndani yake zina chipseti za bodi za kawaida kama B85 au H81. Zinafanya kazi, sizidharau. Lakini ukiagiza kwa kuamini jina lililochapwa juu ya sanduku, utahesabu matundu ambayo chipseti haiwezi kuyahudumia.

Sasa tuseme njia zinatosha, na bado kadi zikiwa mbili skrini ni nyeusi. Hapa fundi wa kweli huacha waya na kwenda kwenye anwani. Kila kadi huomba eneo lake kwenye ramani ya anwani za kumbukumbu ili prosesa iweze kuifikia. Kwa desturi ya zamani, BIOS hugawa maeneo hayo chini ya mpaka wa GB 4, mahali penye msongamano wa vifaa vingine vyote. Kadi moja hupata nafasi. Kadi ya tatu, au kadi za seva kama Tesla P40 zinazoomba eneo kubwa kupita kiasi, hukosa. Windows ikifanikiwa kuwaka, kwenye orodha ya vifaa utaona msimbo 12, wenye maana kwamba rasilimali hazitoshi. Bodi yenye kioo kidogo cha tarakimu mbili na BIOS ya AMI inaweza kusimama kwenye D4, ambayo husema jambo hilo hilo. Tiba ni kipengele cha BIOS kiitwacho Above 4G Decoding: ukikiwasha, kadi huruhusiwa kukaa juu ya mpaka ule, kwenye uwanja mpana.

Lakini tazama anavyokiwasha. Kwenye bodi nyingi kipengele hiki huenda sambamba na kuzima CSM, lile tabaka linaloiga BIOS za kale. Kama Windows iliwekwa kwenye diski yenye mpangilio wa MBR, ukizima CSM haitawaka tena, na mteja ataamini kazi yake yote imepotea. Fundi mzuri huangalia mpangilio wa diski kwanza. Ikiwa ni MBR, ananakili mafaili ya mteja, anaugeuza kuwa GPT kwa programu ya mbr2gpt iliyomo ndani ya Windows 10, ndipo anagusa CSM. Mpangilio huo wa kazi, na wala si wepesi wa vidole, ndio ninaoulipia.

Kwenye RAM maneno ni mengi na ukweli ni mchache. Kwenye bodi ya kawaida ya sloti nne, vipande viwili hukaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kuvipanga pamoja upande mmoja kwa sababu vinapendeza ni alama ya uanagenzi. Kasi iliyochapwa kwenye kipande, ile ya XMP au EXPO, ni kasi ya kusukuma zaidi ya kiwango, na haimlazimishi mtu. Kwa Ryzen za mfululizo wa 7000, AMD yenyewe hutaja DDR5-5200 kwa vipande viwili na DDR5-3600 tu kwa vinne. Kwa hiyo mteja aliyeongeza vipande viwili juu ya viwili akaona mashine haiwaki, huenda hana kifaa kibovu hata kimoja: ameidai kasi ambayo haikuahidiwa. Na bodi hizo hizo zinapowashwa mara ya kwanza na RAM mpya hukaa kimya dakika kadhaa zikijipima. Mwenye papara huzima katikati, na kipimo huanza upya.

RAM za seva ni kesi nyingine. Kipande cha DDR4 chenye rejista huingia kwenye sloti ya kompyuta ya kawaida bila kulazimishwa, kinakaa vizuri, na bodi haitawaka. Baadhi ya bodi za X99 zenye Xeon hukikubali, na ndiyo sababu uvumi kwamba RAM ya seva inafanya kazi popote haufi.

Turudi kwenye ile GB 64 inayosomeka 48. Kipande kimoja cha GB 16 kimepotea. Fundi anayejua kazi hahangaiki: anahamisha kipande kinachoshukiwa kwenda sloti nyingine. Kosa likimfuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye sloti ile ile, anashuka kwenye soketi ya prosesa, anafungua hitisinki na kumulika pini, kwa maana pini moja iliyopinda kwenye soketi za LGA yatosha kuua chaneli nzima ya RAM au sloti ya kadi. Akikuta pini ziko sawa, anarudisha hitisinki akikaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, kwani mgandamizo wa upande mmoja nao huipoteza RAM. Mara kadhaa ugonjwa wote huwa ni huo. Baada ya hapo anaiachia Memtest86+ usiku kucha, hasa kama mteja alilalamika kuwa draiva ya kadi huanguka katikati ya kazi: RAM yenye kosa dogo hujifanya kadi mbovu kwa ustadi wa kushangaza.

Umeme nitaupita upesi, kwani hesabu yake ni rahisi. Sloti hutoa wati 75, kichwa cha pini 8 wati 150, na RTX 3090 moja imekadiriwa wati 350, huku kwa nukta ya sekunde ikiruka juu zaidi. Kila kichwa cha kadi kiwe na waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Ukimwona fundi analisha raiza ya kadi, yaani kirefusho cha sloti, kwa waya wa SATA, uliotengenezwa kubeba wati 54, chukua mashine yako uondoke; waya huo huyeyuka. Na raiza ndefu ya PCIe 3.0 kwenye bodi ya 4.0 iwekewe kasi ya 3.0 ndani ya BIOS, isiachwe ijichagulie.

Kuna pia bodi za wachimbaji wa sarafu. ASUS B250 Mining Expert ya mwaka 2017 ina sloti 19, na tangu Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, bodi za aina hiyo na kadi zake zimemwagika sokoni. Mwuzaji atakuambia: sloti 19, bwana! Sloti 18 kati ya hizo zina njia moja moja, na RAM haizidi GB 32 kwa sloti mbili. Kwa kurenda picha za Blender zisizo nzito inavumilika, data huchelewa kuingia kisha kadi hujifanyia kazi. Kwa kufunza modeli za akili bandia, ambako kadi husemezana muda wote, itakutesa.

Siku ya kukabidhiwa mashine, usiridhike na kuona majina ya kadi yamejipanga. Mwambie fundi afungue GPU-Z kadi zikiwa kazini, maana zikipumzika hujishusha kasi na kusoma kidogo. Maandishi kama x16 4.0 @ x8 3.0 yana pande mbili: kushoto ni uwezo wa kadi, kulia ni inachopata kweli. Anayetumia Linux aitazame LnkSta ndani ya lspci. Fundi aliyeridhika na kazi yake ataelekeza kidole upande wa kulia bila kuombwa, na atakuachia karatasi yenye toleo la BIOS, vipengele alivyogusa, na kila sloti ina nini. Karatasi hiyo ina thamani kubwa kuliko dhamana ya mdomo ya miezi sita.

Jihadhari na yule anayetaka kukuuzia daraja la kuunganisha kadi kwa ajili ya michezo. NVIDIA iliileta SLI yake mwaka 2004, na tangu Januari 2021 haiongezi tena michezo mipya kwenye draiva zake. Katika familia ya GeForce, RTX 3090 na ndugu yake 3090 Ti ndizo za mwisho kuwa na tundu la daraja; RTX 4090 haina.

Ipo pia kazi ambayo fundi mzuri huikataa. Mteja ana bodi ya B450 na RTX 3060 ya GB 12, anataka ya pili ili apate GB 24 kwa ajili ya mandhari zake za Blender. Kadi zile mbili zitarenda kwa kasi zaidi, ila kila moja lazima ibebe mandhari nzima ndani ya GB 12 zake, kumbukumbu hazijumlishwi. Isiyoingia kwenye moja haitaingia kwenye mbili. Atamshauri auze aliyonayo atafute RTX 3090 moja iliyotumika, yenye GB 24, na pawa saplai ya wati 750 kwenda juu, ambayo huenda mteja hana. Hesabu hiyo aifanye mbele yako, kwa shilingi, kabla hujatoa malipo ya awali.