Kamera Isiyoondoka

Mapema mwaka 2014 Chama cha Watayarishaji wa Filamu cha Marekani kilishindwa kuchagua. Kwa mara ya kwanza tuzo yake kuu iligawanywa kati ya filamu mbili: Gravity ya Alfonso Cuarón na 12 Years a Slave ya Steve McQueen. Machi 2, Oscar nazo zikagawanyika. Gravity ikabeba saba, ikiwamo ya mwongozaji bora. 12 Years a Slave ikapata tatu, ikiwamo ya filamu bora. Wengi waliuona mpambano huo kuwa wa teknolojia na historia. Mimi naona filamu zote mbili zilishika silaha ileile, yaani shoti ndefu isiyokatwa.

Gravity inafunguka kwa zaidi ya dakika 10 bila mkato unaoonekana. Kamera ya Emmanuel Lubezki inaelea na kuwazunguka wanaanga, haijui juu wala chini. Ni ufundi mkubwa, nao unajionyesha: mtazamaji anabaki akijiuliza wamewezaje.

Kwa McQueen, Solomon Northup (Chiwetel Ejiofor), mtu huru aliyeuzwa utumwani, ananing'inia kwenye kitanzi, ncha za vidole vya miguu zikitafuta tope. Katika shoti kuu ya tukio hilo kamera imesimama mbali, haisogei. Muziki hakuna, ni sauti za wadudu na koo linalokwaruza. Kisha, nyuma yake, watumwa wanatoka vibandani na kurudi kazini. Watoto wanacheza! Mkato wa kwenda usoni kwa Solomon ungetupa nafasi ya kulia naye, tukapumua. Fremu pana inatunyima nafuu hiyo, inatulazimisha kuona kwamba mtu anayenyongwa ni sehemu ya siku ya kawaida shambani.

Ndivyo ninavyousoma pia ushindani wa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kati ya Lupita Nyong'o na Jennifer Lawrence, aliyekuwa ameshanyakua Golden Globe na BAFTA kwa American Hustle. Lawrence anawaka kwa cheche fupifupi, na uhariri unazichagua vizuri. Nyong'o, Mkenya aliyekuwa katika filamu yake ndefu ya kwanza, hakupewa msaada huo. Patsey, mtumwa anayemwigiza, amefungwa nguzoni kwa sababu alikwenda shamba jirani kutafuta sabuni. Mjeledi unatoka mkononi mwa Solomon kwenda kwa Epps, bwana wa shamba, na kamera ya Sean Bobbitt inazunguka mbele na nyuma kwa dakika kadhaa bila kukatwa. Uchungu lazima Nyong'o aupandishe mwenyewe, pigo kwa pigo, uso wake ukiwa karibu nasi kuliko wa wanaomtesa.

Nyong'o alishinda, kwa haki. Bobbitt hakuteuliwa hata kuwania tuzo ya upigaji picha, aliyoichukua Lubezki. Hilo kwangu ndilo kosa kubwa la mwaka ule, kwa sababu kamera ile ingekatizwa, tungeuona uchungu wa Patsey vipandevipande, jinsi mhariri alivyoupanga.