Ukanda wa Maua wa Munstead Wood: Jinsi Mapengo Yalivyopangwa

Mimea ya kudumu ni ile ambayo mashina na majani yake hunyauka kila mwaka huku mizizi na vichipukizi vyake vikibaki hai ardhini vikisubiri majira ya kuchipua, nayo huhesabiwa kuwa stahimilivu pale inapoweza kuvuka majira ya baridi ikiwa nje, bila kufunikwa wala kuhamishiwa ndani ya nyumba. Ukanda wa maua, kwa maana inayotumika hapa, ni ardhi ndefu na nyembamba kandokando ya ukuta au njia, iliyopandwa mimea ya aina nyingi pamoja ili itazamwe kutoka upande mmoja. Ugumu wa kazi hii hauko katika kupata maua mazuri, kwa kuwa maua mazuri ni mengi. Uko katika ukweli kwamba mmea wa kudumu huchanua kwa wiki chache tu, kisha huishi miezi iliyosalia ukiwa majani yanayozeeka, vijiti vitupu au udongo mtupu. Anayepanda kwa kulitazama ua peke yake hupanda pia, bila kujua, pengo litakalofuata.

Mfano unaostahili kuchambuliwa kwa kina ni ukanda mkuu wa maua wa Munstead Wood, karibu na Godalming katika jimbo la Surrey, Uingereza, uliobuniwa na kutunzwa na Gertrude Jekyll (1843–1932). Jekyll alisomea uchoraji London, lakini macho yake, yaliyokuwa dhaifu tangu utotoni, yalimlazimu kuacha kazi za karibu na kuielekeza elimu yake ya rangi kwenye bustani. Nyumba yake ya Munstead Wood, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens, ilikamilika mwaka 1897, na mwaka 1908 alichapisha kitabu kuhusu mpangilio wa rangi katika bustani ambamo alieleza ukanda huo pamoja na mchoro wake. Maelezo hayo ndiyo yanayomwezesha mchambuzi wa leo kufuata si yale yaliyoonekana tu, bali pia namna yalivyotendwa.

Ukanda ulikuwa na urefu wa takriban meta 61 na upana wa zaidi kidogo ya meta 4, na nyuma yake ulisimama ukuta wa mawe wenye kimo cha zaidi ya meta 3. Baina ya mimea na ukuta iliachwa njia nyembamba isiyoonekana kutoka mbele, na njia hiyo, ambayo wengi wanaoiga ukanda huu huiacha kwa kudhani inapoteza nafasi, ilikuwa sharti la kila kitu kingine: mkono wa mtu haufiki katikati ya upandaji wa meta 4, na bila mlango wa nyuma haiwezekani kuegemeza mashina, kukata yaliyonyauka wala kuongoza mimea inayotambaa bila kukanyaga ile ya mbele. Udongo wa mahali hapo ni mchanga mwepesi wenye asidi na usio na rutuba nyingi, hivyo ulilimwa kwa kina na kushibishwa samadi kabla ya chochote kupandwa.

Mpangilio wa rangi ndio ulioupa ukanda huu sifa. Upande wa magharibi ulianza na buluu, nyeupe, manjano hafifu na waridi hafifu, miongoni mwa majani ya rangi ya kijivu. Kisha rangi ziliongezeka nguvu hatua kwa hatua, zikapita manjano kali na rangi ya chungwa, zikafika wekundu mkali katikati, na kutoka hapo zikashuka tena kwa utaratibu uleule hadi zambarau na urujuani upande wa mashariki. Utaratibu huo unategemea tabia ya jicho la mwanadamu: jicho lililokaa muda likitazama rangi moja huichoka rangi hiyo na kuwa tayari kupokea rangi iliyo kinyume chake, jambo ambalo mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa amelieleza mwaka 1839 baada ya kuchunguza nyuzi zilizotiwa rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Mtazamaji aliyeshiba nyekundu na rangi ya chungwa katikati ya ukanda aliiona zambarau ya mwisho wake ikiwa safi kuliko ambavyo angeiona peke yake.

Mimea yenyewe haikupandwa kwa mviringo wala kwa mistari, bali kwa makundi marefu membamba yaliyolazwa mshazari na kuingiliana ncha. Faida ya umbo hilo ni ya kiufundi kama ilivyo ya kupendeza, kwa sababu kundi la mviringo likimaliza kuchanua huacha shimo pana, ilhali kundi jembamba lililolala mshazari likinyauka hufichwa na jirani zake wa mbele na wa nyuma, na anayetembea kando ya ukanda huona mwanya mwembamba au asiuone kabisa.

Hata hivyo, umbo peke yake halikutosha, na hapa ndipo ustadi halisi wa Jekyll unapoonekana. Mpopi wa Mashariki, ua kubwa la Juni ambalo majani yake hukauka na kutoweka mara baada ya kuchanua, uliwekwa jirani na jipsofila, mmea unaochelewa kukua na ambao kufikia Julai hutanda wingu la maua meupe madogo juu ya nafasi iliyoachwa. Jipsofila nayo ilipoingia katika kutoa mbegu na kugeuka hudhurungi mwezi Agosti, nasturtiamu za kutambaa zilizopandwa karibu ziliongozwa kuipanda na kuifunika. Kwa delfiniamu, mishumaa mirefu ya buluu inayosimama nyuma ya ukanda, mfuatano ulikuwa mrefu zaidi: maua yalipokwisha, mashina hayakukatwa hadi chini bali yaliachwa kwenye kimo fulani yawe egemeo la mnjegere wa kudumu wenye maua meupe; mnjegere ulipomaliza ulifuatiwa na klematisi ya zambarau iliyovutwa juu yake, na mwishoni ikaja klematisi nyingine ya maua meupe madogo ya Septemba. Sehemu moja ya ardhi ilichanua mara nne, na kila mmea ulichaguliwa kwa ua lake na vilevile kwa kile ambacho ungeuachia mwenzake.

Mbinu nyingine ilihusu alizeti za kudumu zenye mashina marefu, ambazo huchanua nchani peke yake na kuacha sehemu yote ya chini bila ua. Jekyll aliyainamisha mashina hayo mbele, juu ya mimea iliyokwisha kuchanua, na kuyafunga yakae karibu mlalo. Ncha ya shina lililosimama hutoa homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka na kuvizuia vichipukizi vya pembeni visikue. Shina likilazwa, nguvu ya ncha juu ya vichipukizi hivyo hupungua, na kila kwapa la jani huinua tawi fupi lenye ua lake. Bustani za leo hufikia lengo linalokaribiana na hilo kwa kukata theluthi moja ya juu ya floksi, sedamu au asta mwishoni mwa Mei, ili mmea utoe matawi mengi na uchelewe kuchanua. Njia hiyo huufaa mmea wenye matawi, na huuharibu ule unaotoa shina moja la maua kama delfiniamu.

Bado mapengo yalibaki, na Jekyll hakuona aibu kuyaziba kwa mimea isiyo ya kudumu. Dalia na kana, zisizovumilia jalidi, zilipandwa kila mwaka katikati penye wekundu, na mayungiyungi na haidrenjia zilizokuzwa kwenye vyungu zilizamishwa mahali palipolegea. Wapo wanaodhani kwamba ukanda halisi wa mimea ya kudumu haupaswi kuchanganywa, lakini usafi wa namna hiyo hauna faida kwa mtazamaji. Muhimu zaidi ni kwamba ukanda huo haukutarajiwa kupendeza mwaka mzima: uliandaliwa kwa ajili ya miezi ya Julai hadi Oktoba, na majira mengine yalipewa bustani zake ndani ya eneo hilohilo, zikiwemo ya majira ya kuchipua, ya Juni na ya asta za mwisho wa mwaka. Mwenye eneo dogo, asiyeweza kugawa namna hiyo, hana budi kuchagua miezi anayoitaka na kuikubali hasara ya mingine, kwa kuwa ukanda unaogawiwa miezi 12 kwa usawa huwa mwembamba wa maua katika kila mmoja.

Kuhusu ustahimilivu, viwango vya baridi vinavyoandikwa kwenye vibandiko vya mimea huonyesha sehemu tu ya jambo. Mimea mingi inayokufa majira ya baridi katika nchi kama Uingereza huuawa na maji zaidi ya baridi yenyewe, kwa sababu udongo uliojaa maji hukosa hewa na mizizi iliyolala huoza. Mchanga wa Munstead, uliokuwa kero wakati wa kiangazi, ulikuwa kinga wakati wa baridi, na mkulima mwenye udongo wa mfinyanzi hawezi kuinakili orodha ya Jekyll bila kwanza kuinua matuta na kuchanganya mboji na changarawe.

Matunzo ya miaka ni suala la kuzeeka kwa shina. Mingi ya mimea hii, asta na floksi zikiwemo, hutanuka kwenda nje huku katikati pakifa, hivyo kila baada ya miaka 3 au 4 hung'olewa, vipande vichanga vya pembezoni vikapandwa upya na kiini kikatupwa. Jipsofila na mpopi, zenye mzizi mmoja mnene unaozama chini, huchukia kusumbuliwa na hupaswa kuwekwa mahali pa kudumu tangu siku ya kwanza. Vijiti vya kuegemeza huchomekwa mapema, wakati mimea ingali mifupi, ili majani yavifiche yakikua. Shina lililokwisha kuanguka halisimamishwi tena bila kuonekana limefungwa.

Afrika Mashariki ina uhusiano wa kweli na ukanda huu. Nifofia, zilizosimama kama mienge katikati yake penye rangi kali, ni jamii ya Kiafrika. Zile za bustani za Ulaya zilitoka hasa kusini mwa bara, lakini aina moja inayoota kwenye milima ya Kenya, Tanzania na Uganda hubeba jina la Joseph Thomson, mvumbuzi aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884. Kinyume chake, mimea kadhaa ya Surrey haiwezi kuhamishwa kirahisi. Peoni huhitaji wiki nyingi za baridi ili vichipukizi vyake viamke, na jipsofila hungoja siku ndefu, ambazo Surrey huzidi saa 16 mwezi Juni ilhali kwenye ikweta hazipungui wala kuzidi sana 12; ndiyo sababu mashamba ya maua ya nyanda za juu za Kenya huwasha taa usiku ili kuichanusha. Katika bustani za Limuru au Lushoto, kazi ambayo baridi huifanya Uingereza, ya kuusimamisha mmea na kuupa mwanzo mpya, hubaki mikononi mwa mkulima mwenyewe: nifofia na agapantha hukatwa majani yaliyozeeka mwishoni mwa ukame, na hugawanywa mvua za masika zinapoanza, ili mizizi iliyojeruhiwa ipate wiki kadhaa za udongo wenye unyevu kabla ya ukavu wa katikati ya mwaka.