Watoto Watano na Mnyama wa Mchangani

Wako wazazi Wakristo waogopao kuwapa watoto wao hadithi za viumbe vya ajabu, wasije wakarudi katika mambo ya majini na uaguzi. Mimi nami niliogopa nilipokifungua kitabu cha Bi. Edith Nesbit, Five Children and It, kilichotolewa Uingereza mwaka 1902. Nimekisoma hata mwisho, na hofu yangu imehamia mahali pengine.

Watoto watano wa London, mmoja wao angali akibebwa, wamehamia shamba katika nchi ya Kent. Wakichimba katika shimo la changarawe wamfukua mnyama mwenye macho juu ya pembe kama ya konokono, masikio ya popo, mikono ya nyani, na manyoya mwili mzima. Jina lake Psammead. Kila siku huwapa jambo moja walitakalo, na jua lichwapo lote hutoweka. Waomba uzuri, mtumishi wao hawatambui, awafungia mlango. Waomba dhahabu, wapata sarafu za kale ambazo wenye maduka wazikataa. Yachekesha sana.

Lakini mnyama mwenyewe, je? Kila ombi humchosha, maana hana budi kuvuta pumzi hata avimbe. Tena huogopa maji: unywele mmoja wa sharubu lake ulilowa zamani, na hata sasa humwuma penye unyevu. Mtu aliyefuga mbuzi mmoja tu angemwuliza kwanza habari ya maumivu yake. Watoto hawa huuliza watapata nini leo. Hapo ndipo penye hofu yangu, kwa kuwa hivyo ndivyo wengi wetu tusalivyo.

Iko asubuhi moja, katika sura ya mabawa, ambapo Anthea aondoka mapema peke yake, amwalika mnyama akae mapajani pake apate joto, na kumfunika kwa nguo yake. Ukurasa ule wazipita sura nyingi, ingawa hata Anthea alikwenda akitaka shauri. Bi. Nesbit haukalii, mara arudia vituko. Na ile sura ya Wahindi Wekundu siipendi kabisa: wenyeji wa Marekani wamefanywa vitisho vya mchezo, kana kwamba si watu.

Kilichopungua hapa chapatikana katika The Story of the Amulet, cha mwaka 1906. Watoto wamkuta Psammead kizimbani, katika duka la wanyama mjini London. Wamekwisha kuahidi kutomwomba neno tena, basi hana la kuwapa. Wamnunua kwa fedha zao wenyewe, wamchukua nyumbani, wamtafutia mchanga wa kulalia. Mwalimu aliye na vitabu vyote viwili na awasomee watoto kwanza habari hiyo ya dukani, ndipo arudi nyuma kwenye shimo la changarawe.