Kuitafuta Ncha Isiyoonekana

Kijitabu kinachokuja ndani ya boksi la darubini huanza, karibu kila mara, kwa agizo moja: itafute Nyota ya Kaskazini, uelekeze mhimili kwake, kaza skrubu. Aliyekiandika alikuwa na anga la Ulaya au Marekani kichwani. Pangani nyota hiyo haionekani mwaka mzima, maana mji uko digrii 5 na ushee kusini mwa ikweta na nyota yenyewe imezama chini ya upeo. Ukigeukia upande wa pili, ncha ya kusini ya anga ipo juu ya upeo, lakini ni kwa digrii hizohizo 5, na haina nyota ya maana ya kuitambulisha. Iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata jangwani mwenye macho mazuri huitafuta kwa taabu. Ng'ambo ya mto Pangani, nyuma ya minazi ya Bweni na ndani ya ukungu wa chumvi, haitafutwi kabisa.

Mzee mmoja wa mji huo, mpima ardhi mstaafu, ndiye aliyenifunza kuithamini kazi ambayo vitabu huipa ukurasa mmoja tu. Darubini yake si kubwa wala si mpya. Imekaa juu ya kiweko cha ikweta cha mtindo wa Kijerumani: mhimili wa kwanza hulazwa sambamba na mhimili wa dunia, wa pili huukata, bomba likawa upande huu na uzito wa chuma upande ule. Mhimili ule wa kwanza ukielekea panapostahili, mota ndogo inatosha kuifuata nyota usiku kucha kwa kuuzungusha mara moja kila baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Ukielekea pengine, nyota hutoroka, na picha yake huwa mchirizi.

Kazi huanza jua likiwa bado lipo. Ardhi ya pwani ni mchanga, na mchanga huzama taratibu chini ya uzito, kwa hiyo amezika uani vipande vitatu vya zege, kila mguu na chake. Mguu mmoja hukaa kaskazini na miwili hugawana kusini. Vijitabu vingi husema kinyume, lakini huku kwetu mhimili karibu ulale kabisa, fimbo ya uzito huning'inia upande wa kusini, na mguu ukiwa hapo vitagongana usiku wa manane. Kiweko chenyewe kilitoka kiwandani kikiwa hakiwezi kuinamishwa chini ya digrii 15. Fundi seremala wa mtaani alimkatia kabari ya mninga ya digrii 15 kamili, ikalazwa chini ya kiweko, upande wake mnene ukielekea kaskazini. Sasa kipimo cha ubavuni kinasoma 20 na mhimili uko kwenye 5. Nimeishika kabari ile mkononi. Imepigwa msasa mpaka inateleza, na hakuna atakayeiona usiku.

Halafu pimamaji. Wapo wasemao kusawazisha kiweko ni kupoteza muda, mradi mhimili ufike unakokwenda. Kihesabu wana haki. Ila kiweko kilichokaa upande, ukigusa skrubu ya kukipeleka mashariki, kinapanda pia, nawe unabaki kusahihisha kosa ulilolizaa mwenyewe. Kusini kwenyewe mzee haulizi dira, kwa kuwa dira huonyesha kusini ya sumaku. Ana mstari aliouchora kwenye sakafu ya ua kwa kivuli cha timazi, jua lilipofika juu kabisa ya safari yake ya siku. Adhuhuri hiyo ya kweli haiafikiani na saa ya ukutani: Pangani huchelewa, na mwezi Februari huchelewa kwa zaidi ya nusu saa. Tena mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini na timazi hukosa kivuli. Mpima ardhi hujua siku za kufanya kazi na siku za kungoja.

Yote hayo ni maandalizi. Kazi yenyewe ni ya gizani, na ndiyo ninayotaka kuisimulia kwa kirefu, kwa sababu sijaona tendo la fundi lililonituliza moyo kama hilo.

Miezi ya kaskazi, Orioni akiwa utosini, mzee huchagua Mintaka, nyota ya kwanza kuchomoza kati ya zile tatu za mkanda. Mintaka iko karibu kabisa na ikweta ya anga, mahali ambapo kosa la mhimili hujitokeza waziwazi. Anaileta katikati ya nyuzi mbili zilizokatana ndani ya lenzi ya jicho, zinazomulikwa na kitaa chekundu, kisha anaondoa mikono. Mota inanguruma kwa sauti ya chini. Nyota ikisogea mashariki au magharibi haimhusu. Hilo ni suala la mwendo wa mota. Anachongoja ni kuona kama itauacha uzi na kuelekea kaskazini au kusini.

Lakini ndani ya darubini kaskazini ni wapi? Lenzi hupindua mambo, na kioo kilichowekwa kwa ajili ya starehe ya shingo huyageuza tena. Watu wengi hupotea hapa. Mzee hahesabu vioo. Hugusa bomba kwa ncha ya kidole, akilisukuma kidogo sana kuelekea kaskazini, na kutazama nyota inakimbilia wapi. Basi, ameshajua. Kidole kile hugusa chuma kwa uangalifu ambao sisi wengine huutumia kwa mtoto aliyelala.

Kisha dakika tano zinapita, na nyingine tano. Hazungumzi, na anayekaa naye hujifunza kutozungumza. Mintaka ikihamia kaskazini, kichwa cha mhimili kimeegemea mashariki mno. Ikihamia kusini, kimeegemea magharibi. Anazungusha skrubu kidogo, anairudisha nyota katikati, anangoja upya. Kila mara nyota hukaa zaidi kabla ya kuuacha uzi. Ikifika hatua ya kutulia kwa muda mrefu, huigeuza darubini kwa Alfardi, nyota ya pekee iliyosimama kwenye theluthi ya anga la mashariki, na kuanza kazi ileile kwa skrubu nyingine, ya kupanda na kushuka. Huko ikihamia kusini, mhimili umeinuka mno. Halafu hurudi Mintaka kuhakiki, maana skrubu hii yaweza kuwa imeiharibu ile.

Usiku mmoja nilimwambia kuwa nyota imekosea tena. "Nyota haikosei, mwanangu," akasema, akikigonga kiweko kwa ukucha. "Anayekosea ni huyu. Nyota inatusomea makosa yake."

Huo ndio utukufu wa kazi hii. Ncha ya anga haina alama, haiwaki, na kwetu imefichwa na minazi. Fundi huifikia bila kuitazama hata mara moja, kwa kusoma mwenendo wa nyota zilizo mbali nayo kabisa. Hata mwenye bahati ya kuiona Sigma Octantis kutoka pwani yetu angepotoshwa kidogo, kwa kuwa hewa nzito ya upeoni hupinda mwanga na kuinua kila kitu; kwenye urefu wa digrii 5 huinua kwa karibu dakika 10 za digrii, theluthi nzima ya upana wa mwezi. Kwa kazi ya nyota za utosini, mzee asiyeiona ncha hukaribia ukweli kuliko mwenye kuiona.

Kiweko cha mtindo huu kilizaliwa mikononi mwa Joseph von Fraunhofer, mtengeneza lenzi wa Bavaria. Mwaka 1824 darubini yake kubwa, yenye lenzi ya upana wa sentimita 24, ilifika Dorpat, mji ambao leo ni Tartu, nchini Estonia, ikizungushwa na mtambo wa saa ulioendeshwa kwa uzito unaoshuka. Wilhelm Struve aliitumia kuchunguza anga, na mwaka 1827 akatoa orodha ya nyota pacha 3,112. Fraunhofer hakuiona orodha hiyo. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 39. Wazo lake liliishi. Darubini ya mita 5 ya Palomar, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1948, ilikuwa bado inazunguka kwa mhimili uliolingana na wa dunia. Kubwa zote zilizoizidi ziliuacha, zikakabidhi hesabu kwa kompyuta. Tangu hapo kazi ya kuutuliza mhimili kwa mkono imebaki kwa watu wa aina ya mzee wangu, uani, usiku, bila mshahara.

Wala pwani hii haikuwa ngeni kwa maarifa ya nyota. Ahmad ibn Majid wa Julfar, nahodha wa karne ya 15, alitunga shairi la mafundisho juu ya njia ya bahari hadi Sofala. Wanamaji wa zama zake walipima kimo cha Jahi, ndiyo Nyota ya Kaskazini, kwa kibao chenye uzi wa mafundo, wakihesabu kwa vidole. Wakati ule nyota hiyo ilikuwa mbali na ncha kwa digrii 3 na nusu hivi. Leo imebaki chini ya digrii moja. Nahodha aliyeiamini kibubusa angekosea bandari, kwa hiyo alilazimika kujua iko upande gani wa ncha saa ile anayopima. Na chombo kiliposhuka kusini Jahi ikazama, aligeukia Farkadani, zile nyota mbili jirani zake. Watu waliopanda majahazi kutoka Lamu, Mombasa na Kilwa walisafiri na elimu hiyo. Sisi wajukuu wao tumebaki na majina machache.

Na tumepewa anga kuliko wengi! Katikati ya Mei, masika yakiachia mawingu kidogo, kama saa tatu na nusu usiku, Msalaba wa Kusini husimama wima upande mmoja na nyota saba za Dubu Mkubwa upande mwingine, zikitazamana kwa kimo kinachokaribiana. Mtu wa London hauoni Msalaba, na mtu wa Cape Town Dubu humpita chini upeoni, nusu amezama. Pangani wote wawili wapo, na mstari unaowaunganisha ni kusini na kaskazini ya kweli, imechorwa angani bure. Nimewauliza vijana wengi wa pwani wanionyeshe kusini usiku. Huchukua simu.

Darubini mpya nazo zimeingia. Unaiweka juu ya meza, unabonyeza simu, kamera inapiga picha ya anga na kuilinganisha na orodha yake, na kabla chai haijapoa inakuletea nebula yenye rangi. Imewafikisha nyotani watu ambao wasingefika, na hilo ni jema. Kinachoniuma ni kwamba mwenye chombo hicho anaweza kukitumia mwaka mzima asijue Mintaka inapita wapi, asijue kuwa dunia imemgeuza yeye na si nyota. Amepewa matunda, hakuonyeshwa shamba. Taa nazo zinazidi kumeza kilichobaki: za hoteli za ufukweni, nyeupe, zinazoangaza bahari tupu hadi asubuhi.

Kuna huzuni nyingine isiyosemwa. Najua shule ya sekondari iliyopewa zawadi ya darubini nzuri yenye kiweko cha ikweta. Walimu walifuata maelekezo, wakaitafuta Nyota ya Kaskazini, wakaikosa, wakadhani chombo ni kibovu. Kiko stoo, kimefunikwa kwa magunia, chuma chake kinaanza kutu. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa mahali pao maelekezo yale hayana maana, na kwamba ipo njia nyingine isiyohitaji kitu ila nyota, skrubu mbili na subira. Sidhani ni hiyo pekee iliyoishia stooni.

Mzee hana mwanafunzi wa kudumu. Wajukuu huja likizo, hutazama pete za Zohali, hushangilia, huondoka. Mtoto wa jicho ameanza kulifunika jicho lake la kulia, lile analotazamia nyuzi, na sasa hulazimika kutumia la kushoto, ambalo anasema halina mazoea.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fizikia, kuanzia Lamu hadi Mtwara: kama shule yako ina kiweko cha namna hii, kitoe stoo kabla ya kaskazi. Mpe seremala kazi ya kukata kabari kwa latitudo ya mji wako. Chora mstari wa adhuhuri uwanjani, wanafunzi wakiwepo. Katikati ya Januari, kama saa nne na ushee usiku, Mintaka huwa juu ya vichwa vyenu. Iwekeni kwenye uzi, mwondoe mikono, mngoje.