Kisiwa, taa na mafuta
Juu ya vitabu na picha za Tove Jansson

Wengine watauliza: waseminari na wakatekista wana shauri gani na mwanamke wa Ufini, mwenye kuandika hadithi za watoto na kuchora viumbe vyenye pua kubwa? Swali ni la haki. Jibu letu ni hili. Kila Dominika tunahubiri juu ya bahari, taa, mbegu na mawe. Bwana Yezu alitwaa mifano yake katika vitu vyenye wasikizi wake waliona kwa macho. Sisi, mara nyingi, tunatwaa mifano katika vitabu tu, na watu wanasinzia. Kwa hiyo inafaa kumwangalia mtu mwenye kutazama mahali padogo pamoja kwa miaka mingi, hata mahali pale pakampa kazi yake yote.

Tove Jansson alizaliwa Helsinki mwaka 1914, akafa katika mji ule ule mwaka 2001. Baba yake, Viktor, alikuwa mchonga sanamu. Mama yake, Signe Hammarsten, alichora picha za vitabu na za timbri za posta. Nyumbani walisema Kiswidi, lugha ya watu wachache katika nchi ya Ufini. Kitabu chake cha kwanza juu ya jamaa ya Mumin kilitoka mwaka 1945, wakati dunia ilipotoka vitani. Tangu mwaka 1954 alichora hadithi za picha kwa gazeti moja la London. Kisha akachoka, na ndugu yake Lars akashika kazi ile. Mwaka 1966 alipewa medali ya Hans Christian Andersen. Sifa hizi zote zilimjia kwa ajili ya vitabu. Lakini yeye alijihesabu kwanza kuwa mchoraji.

Sasa tuje kwa kisiwa. Tangu utoto, wakati wa joto, wazazi wake walimpeleka Pellinki, mashariki ya Helsinki, kwenye visiwa vingi vya Ghuba ya Ufini. Mwaka 1947 yeye na Lars walijenga nyumba ndogo katika kisiwa cha Bredskär. Nyuma yake akatamani kwenda mbali zaidi, karibu na bahari wazi. Kati ya mwaka 1964 na 1965 akajengewa nyumba juu ya mwamba unaoitwa Klovharun. Usifikiri kisiwa kama vile tunavyovijua sisi, chenye vijiji na mashamba ya migomba. Ni jiwe. Mtu anakizunguka kwa miguu kwa dakika chache, na amemaliza. Nyumba ina chumba kimoja, na madirisha yanatazama pande zote nne. Hakuna umeme, hakuna bomba la maji. Pale alikaa, wakati wa joto, karibu miaka thelathini, pamoja na mwenzi wake wa maisha Tuulikki Pietilä, naye mchoraji wa picha za chapa.

Watu wengi wakisema kwamba nchi fulani ilimsaidia mwandishi, wanafikiri juu ya uzuri: jua linatua, maji yanang’aa, mtu anatwaa kalamu. Kwa Tove Jansson mambo ni mengine. Kisiwa hakikumpa mapambo, kilimpa sheria. Tutaona sheria tatu.

Sheria ya kwanza ni udogo. Kwenye kisiwa kidogo kila kitu kina hesabu. Mwaka 1972 alitoa kitabu Sommarboken, maana yake Kitabu cha wakati wa joto, kinachopatikana pia kwa Kifaransa. Watu ni watatu tu: bibi mzee, mjukuu wake Sophia, na baba mwenye kufanya kazi bila kusema. Mama ya mtoto amekufa. Habari ile kubwa mwandishi anaipitisha ndani ya sentensi moja fupi, katikati ya maneno juu ya kitanda, wala hairudilii tena kwa wazi. Mwandishi mwingine angaliijaza kurasa kumi kwa machozi. Lakini mahali penye miti michache, mti mmoja ukianguka, kila mtu anaona. Hakuna lazima ya kupiga kelele.

Angalia pia anavyosema juu ya majani mafupi laini yenye kufunika miamba kama mkeka. Ukiyakanyaga mara moja, mvua inayainua. Ukiyakanyaga mara ya pili, hayainuki. Mara ya tatu yanakufa. Tena anasema kwamba bata wa bahari ni vivyo hivyo: ukimfukuza juu ya mayai yake mara ya tatu, harudi. Hapa hakuna neno la mafundisho. Ni mtu anayetuambia ginsi ya kutembea. Lakini mwenye kuungamisha atasoma maneno yale na kusimama kidogo, akifikiri juu ya roho za watu, na juu ya mara ngapi tunazikanyaga na viatu vyetu.

Sheria ya pili ni hatari. Bahari ya kule si ya kuogelea tu. Wakati wa baridi inakuwa barafu. Wakati mwingine inainuka na kufunga njia zote. Katika kitabu kile kile Sophia amechoshwa na siku nzuri isiyo na jambo. Anamwomba Mungu jambo litokee. Dhoruba inakuja, kubwa sana. Kwanza mtoto anafurahi. Kisha anaogopa: labda watu wanazama baharini, na kosa ni lake, kwa sababu yeye aliomba. Ni nani kati yetu hakumsikia mkristu akisema vile? «Padri, niliwaza mabaya juu ya ndugu yangu, naye amekufa.» Bibi hamfundishi teolojia. Anatafuta njia ya kumtua mtoto mzigo ule, na anaipata kwa upendo kuliko kwa akili. Wakatekista watafanya vema kusoma ukurasa ule mbele ya kueleza Sala kwa watoto.

Lakini tusifiche penye mashaka. Bibi na mtoto wanabishana juu ya moto wa jehenamu, na bibi anakataa habari ya shetani na adhabu: anaona maisha ni magumu ya kutosha, na nyuma ya kifo yafaa kupata faraja tu. Sisi hatuwezi kufundisha hivyo. Faraja yenye kukataa hukumu inasahau wale waliodhulumiwa. Hao wanangoja haki, si kubembelezwa tu. Hata hivi, tumhukumu mwandishi kwa kazi yake. Hakuandika katekismu. Aliandika juu ya mzee mwenye kukaribia kufa, akiongea na mtoto aliyekwisha kumpoteza mama. Mzee yule anajua mtoto anaogopa nini. Kosa lake katika mafundisho linatoka kwa huruma, na mwandishi hakulisafisha ili tupendezwe. Mama ya mwandishi mwenyewe alikufa mwaka 1970, miaka miwili mbele ya kitabu. Ni yeye aliyekuwa mfano wa bibi yule. Tunasoma basi kazi ya mtoto mwenye kuomboleza, ingawa haonyeshi machozi.

Sheria ya tatu ni giza, na hapa ndipo tunaona mawazo yake makubwa. Mwaka 1965, mwaka nyumba ya Klovharun ilipokwisha, alitoa Pappan och havet, maana yake Baba na bahari. Baba Mumin anachukua jamaa yake kwenda kuishi kisiwani, penye mnara wa taa ya kuongoza meli. Anataka kuwasha taa na kuwa mkubwa wa nyumba. Lakini taa inakataa kuwaka. Anataka kujua sheria za bahari na kuziandika katika daftari. Bahari haitii daftari. Mama anatamani bustani yake, hata anachora maua juu ya ukuta wa mnara, na siku moja anaingia ndani ya picha ile na kujificha. Ni neno la kuogopesha kidogo: mchoraji anatuambia kwamba picha inaweza kuwa mahali pa kukimbilia maisha. Lakini mama anatoka tena, na mwishoni hana haja ya kurudi ndani.

Mtoto wao, usiku kwa usiku, anashuka pwani na taa ya mkono. Huko anakuja Mårran, kiumbe cha baridi kinachoogopwa na wote. Mahali anapokaa, udongo unaganda. Anakuja kwa sababu ya taa, kwa kuwa hana mwanga wake mwenyewe. Siku moja mafuta yanakwisha. Mtoto anaenda bila taa, naye Mårran anafurahi na kucheza: furaha yake ni kwa mtoto mwenyewe, si kwa taa. Tangu pale udongo haugandi tena chini yake.

Wenye kusoma Injili watakumbuka mara moja mabikira kumi wa Matayo. Kukumbuka kule si bure: katika miaka ya 1950 Tove Jansson alichora picha ya altari kwa kanisa la Kilutheri la Teuva, na habari ya picha ni wale mabikira wenyewe na taa zao. Katika Injili, wenye kukosa mafuta wanafungiwa mlango. Katika kitabu, mwenye kukosa mafuta anaenda, na anapokewa. Je, mwandishi anapinga Injili? Mimi nasema hapana. Mtoto hakulala, alitoka kila usiku, hata alipoogopa, kumwendea yule mwenye kuachwa na wote. Mazoezi yale ya kutoka ndiyo yalikuwa mafuta yake, wala hayakwisha katika chupa. Mabikira wapumbavu walikuwa na taa, lakini hawakuwa tayari. Yeye alikuwa tayari, ijapo hana taa. Padri mwenye kwenda kwa mgonjwa usiku, bila neno zuri la kusema, ataelewa.

Na picha zake za rangi? Katika miaka ya 1960 alirudia sana rangi za mafuta, akachora bahari yenye upepo na mawimbi mazito, hata unaona rangi na nguvu tu, si pwani tena. Ni kazi ya mtu mwenye kujua bahari. Lakini nitasema wazi: ndani yake namkosa mtu. Katika picha ndogo za wino, zile za vitabu, mstari mweusi unatosha kuonyesha wimbi, na chini yake kiumbe kidogo kimesimama. Pale bahari inakuwa kubwa kweli, kwa sababu kuna mdogo wa kuipima. Kwa fikira zangu, alikuwa mchoraji zaidi alipoandika kuliko alipoiacha bahari peke yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wale wawili, sasa wazee, waliacha Klovharun. Katika kitabu cha mwaka 1996 juu ya kisiwa, chenye picha za Tuulikki Pietilä, Tove Jansson anakubali kwamba alikuwa ameanza kuiogopa bahari, naye aliona woga ule kama kuisaliti. Kisiwa kilimfundisha hata neno hilo la mwisho: kuweka mzigo chini kwa wakati wake, bila kelele.

Ndugu waseminari, hatuna haja ya mwamba wa Ufini. Mbele ya mlango wa kila misioni kuna kilima, mto, njia, kisima. Ukitaka watu wako wasikie Injili, anza kwa kutazama vitu hivi, si Dominika moja, lakini miaka. Uvitazame hata ujue mahali gani unyayo wa tatu unaua.