Luton, mabao 85 na watu watano nyuma ya mpira

Msimu wa 2023/24 Luton Town walifunga mabao 52 katika Ligi Kuu ya Uingereza. Nottingham Forest walifunga 49 na Everton 40, tena wote wawili walikatwa pointi kwa kuvunja kanuni za fedha, na bado wakabaki. Luton walimaliza nafasi ya 18 na pointi 26, wakarudi walikotoka. Washambuliaji wao hawadaiwi kitu. Timu iliruhusu mabao 85 katika mechi 38, na kwa hesabu hiyo hakuna straika wa kukuokoa.

Ukiifungua Football Manager 2024 ukaichagua Luton, unakabidhiwa watu walewale: Thomas Kaminski golini, Tom Lockyer katikati ya mabeki, Marvelous Nakamba wa Zimbabwe kwenye namba sita, Alfie Doughty kushoto, Carlton Morris na Elijah Adebayo mbele. Bodi inataka jambo moja tu, kubaki ligi kuu. Nimeichagua kwa uchambuzi huu kwa sababu Manchester City wanaweza kushinda hata kwa mbinu mbovu. Kwa Luton kila kosa la ubaoni linaonekana jioni ileile.

Wachezaji wengi wa gemu hili hawatengenezi mbinu, wanaipakua. Na mbinu inayopakuliwa huwa ileile kwa sura: 4-2-3-1 au 4-3-3, mstari wa mabeki juu kabisa, presha tangu kwa kipa wa wapinzani, mpira ukipotea wote wanaurukia papo hapo. Kwa injini ya mechi ya gemu hili, mbinu ya aina hiyo kweli ina nguvu, sitaki kuibeza. Lakini inakula sifa ambazo Luton hawana. Kila mchezaji wa ndani ana sifa 36 zinazoonekana, za kiufundi, za akili na za mwili, zote zikipimwa kwa kipimo cha 1 hadi 20. Presha ya juu inahitaji pumzi, bidii na moyo wa kushirikiana kwa watu wote kumi, na mabeki wa kati wenye kasi ya kukimbilia mpira uliopigwa nyuma yao. Wakikosekana wawili tu, presha inavunjika katikati, na mpinzani anakuta nusu uwanja mzima uko wazi.

Kwa hiyo nilianza na swali tofauti. Mpira ukipotea mbele, nani yuko nyuma yake, na amesimama wapi?

Ubao wa mbinu wa FM24 hauonyeshi jibu. Umbo unalolichora pale ni umbo la timu isipokuwa na mpira. Ikiupata, umbo linabadilika kufuata kazi uliyompa kila mchezaji, na kufuata mwelekeo wa kazi hiyo: kulinda, kusaidia au kushambulia. Yaani ubao wa pili upo, ila hauchorwi. Ndiyo maana toleo la FM26, lililotoka Novemba 2025 baada ya FM25 kufutwa Februari ya mwaka huohuo, limeweka maumbo mawili waziwazi, moja la kuwa na mpira na jingine la kuukosa. Anayebaki na FM24 itabidi alichore la pili kwenye karatasi. Mimi nilifanya hivyo, na ndiyo saa iliyonilipa kuliko zote.

Ubaoni niliweka mabeki watatu wa kati, mabeki wawili wa pembeni waliopanda hatua moja mbele yao, namba sita mmoja, viungo wawili na washambuliaji wawili. Kwenye karatasi, mpira ukiwa theluthi ya mwisho, nilitaka wapande watano na wabaki watano. Wanaopanda ni Morris, Adebayo, Doughty wa kushoto, Issa Kaboré wa kulia na Ross Barkley, kiungo wa kulia. Wanaobaki ni mabeki watatu, Nakamba mbele yao, na kiungo wa kushoto, Pelly-Ruddock Mpanzu. (Huyu Mpanzu, mwenye asili ya Kongo, alijiunga na klabu ikiwa daraja la tano akapanda nayo hadi ligi kuu, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kulifanya kabla yake. Kwa nafasi hii, lakini, nilimchagua kwa miguu yake.)

Watano kwa watano inasikika kama kitu cha kawaida. Utamu uko katika kuchagua upande.

Doughty ndiye silaha. Mguu wake wa kushoto unapiga krosi na mipira iliyokufa, kwa hiyo yeye peke yake kati ya mabeki wa pembeni ndiye aliyepewa mwelekeo wa kushambulia. Mara tu unapofanya uamuzi huo, umeshajua mpinzani atakupiga wapi: kwenye nyasi alizoziacha. Shambulizi la kushtukiza litapita kushoto kwako takriban kila mara. Hivyo kila aliye karibu na Doughty lazima awe wa kubaki. Mpanzu, kiungo wa upande wake, ana mwelekeo wa kulinda. Nyuma yao yuko Amari'i Bell, ambaye kwa asili ni beki wa kushoto, akicheza kama beki wa kati anayetanuka kuelekea pembeni, naye akiwa na mwelekeo wa kulinda. Kasi yake ndiyo bima. Lockyer katikati na beki wa kulia wanabaki mabeki wa kawaida, bila mapambo.

Kulia mambo yanageuka. Kaboré ana mbio na wengi wangemwachia apande mpaka chaki ya mwisho. Nilimpa mwelekeo wa kusaidia. Anafika usawa wa viungo, anaupokea mpira, anaurudisha, na mpira ukipotea ni hatua chache tu kurudi mahali pake. Barkley, mbele yake, ndiye anayeruhusiwa kwenda. Kama huamini kwamba tofauti ni kubwa, jaribu: mpe Kaboré naye mwelekeo wa kushambulia, usiguse kitu kingine, halafu tazama mechi dhidi ya timu yenye mawinga wawili wa kasi. Utafunga zaidi kidogo, na mabeki wako watatu wataanza kukimbia wakilitazama goli lao wenyewe. Hayo ni mabao 85 mengine yanajipanga.

Sasa mbele. Krosi inatoka kushoto, kwa hiyo mrefu lazima asubiri nguzo ya mbali. Washambuliaji wawili wa gemu hili hushika pande ulizowachorea, basi Adebayo akawekwa kulia kama mshambuliaji wa kulengwa mipira mirefu, na Morris kushoto, akikimbia kukata nguzo ya karibu. Doughty akapewa agizo binafsi la kulenga nguzo ya mbali. Morris anamvuta beki mmoja, Adebayo anabaki na beki wa pembeni wa upande ule, ambaye mara nyingi ni mfupi kuliko yeye. Januari 30, 2024, Luton halisi waliwachapa Brighton 4-0, Adebayo akifunga matatu. Kuwekeza kwake, kwa hiyo, hakukuwa ndoto ya kompyuta.

Mwelekeo wa Barkley ulinichukua muda kuliko wa mtu mwingine yeyote. Ukimpa wa kushambulia, anaingia ndani ya boksi na kuwa mtu wa tatu wa kugombea krosi. Inavutia. Lakini krosi nyingi hazifungi, huokolewa kwa kichwa na kudondoka ukingoni mwa boksi. Barkley akiwa ndani, mpira ule unaokotwa na kiungo wa wapinzani aliyegeukia goli lako. Barkley akiwa na mwelekeo wa kusaidia, anaufikia yeye kwanza, anapiga shuti au anaurudisha kwa Doughty, na hata akishindwa amesimama kati ya mpinzani na Nakamba. Kwa kumrudisha mtu mmoja hatua chache tu unapata mashuti ya pili, na kaunta inachelewa. Katika mbinu nzima sijaona marekebisho ya bei rahisi kama haya.

Maagizo ya timu yanahitaji tahadhari moja ambayo wengi huipita. Msukumo wa jumla wa timu una ngazi saba, kuanzia kujilinda sana hadi kushambulia sana, nao husogeza vitu vingine bila kukuuliza: kasi ya mchezo, urefu wa pasi, upana, hata mstari wa mabeki. Ukiweka msukumo wa kushambulia, kisha ukaongeza kasi, kisha ukaongeza pasi ndefu, umeongeza mara mbili kitu kilekile. Timu inaanza kutupa mipira ovyo nawe unalaumu wachezaji. Luton niliwaweka ngazi ya kati kabisa, nikaongeza kitu kimoja tu, pasi za moja kwa moja zaidi, na Kaminski akaagizwa kumtafuta Adebayo.

Bila mpira, mstari wa mabeki ulibaki wa kawaida na timu ikaanza kukaba kutoka katikati ya uwanja. Swali la kurukia mpira mara ukipotea au kurudi nyuma kupanga safu halina ulazima wa kujibiwa: gemu linakuruhusu kuacha vyote viwili wazi, na kila mchezaji akafuata kazi yake. Niliviacha wazi, nikawaagiza Morris, Adebayo na Barkley peke yao wakabe kwa nguvu zaidi. Hao watatu wanachelewesha pasi ya kwanza ya kaunta wakati watano wa nyuma wanajipanga. Kisha nikaelekeza timu iwasukume wapinzani pembeni na iwaachie wapige krosi, maana ndani nina mabeki watatu wa kati wanaopenda mipira ya juu. Timu yenye mabeki wawili wafupi ikifanya hivi inajichimbia kaburi.

Kupima ni kazi ya pekee. Ukurasa wa takwimu ulioingizwa katika FM22 una ramani za mashuti, na humo nilitazama mahali mashuti ya wapinzani yanapopigiwa pamoja na mabao tarajiwa tuliyoruhusu. Umiliki wa mpira sikuujali hata kidogo. Zaidi ya takwimu, nilisimamisha picha kila mpira ulipopotea mbele na kuhesabu vichwa nyuma yake. Wakiwa watano, niliendelea. Wakiwa wanne, nilitafuta nani ameondoka na nani alimpa ruhusa, na jibu karibu siku zote lilikuwa ubaoni kwangu. Marekebisho yawe moja kwa wakati, kwa sababu timu ina kipimo cha kuizoea mbinu, na ukivuruga matatu kwa mpigo kipimo kinashuka nawe hujui dawa ipi imefanya kazi.

Mipira iliyokufa ilifanyiwa ukarabati mkubwa katika FM24, ikapata hadi kocha wake maalumu. Doughty akipiga kona kutoka kulia kwa mguu wa kushoto, mpira unajipinda kuelekea golini. Lockyer na Adebayo wanagombea, Morris anamsumbua kipa, Barkley yuko ukingoni. Bell na Kaboré, wenye kasi, hawapandi, hata kama tunafungwa.

Zimebaki dakika za mwisho. Novemba 5, 2023, Luton walikuwa wakiongoza 1-0 dhidi ya Liverpool hadi Luis Díaz aliposawazisha dakika ya tano ya nyongeza. Mwezi uliofuata Declan Rice aliwapa Arsenal ushindi wa 4-3 dakika ya 97, uwanja uleule wa Kenilworth Road. Kocha wa gemu, akiongoza dakika ya 80, huwa anakimbilia ngazi ya chini kabisa ya msukumo. Timu inazama ndani ya boksi lake, haina wa kuushika mpira mbele, na kila mpira unaookolewa unarudi. Gemu linakupa nafasi tatu za kuhifadhi mbinu. Ya pili niliiwekea umbo lilelile, ili mazoea yasipotee, nikashusha msukumo ngazi moja tu na kumpa Doughty mwelekeo wa kusaidia. Sasa wanabaki sita. Mstari wa mabeki sikuushusha. Adebayo anabaki mbele, hata akiwa amechoka kiasi gani, kwa sababu mpira mrefu unaoshikwa unakula sekunde nyingi kuliko unaobutuliwa nje.

Udhaifu uliosalia uko wazi. Timu inayogeuza mpira haraka kutoka kulia kwetu kwenda kushoto, yenye winga na beki wa pembeni wanaopanda pamoja, inawafanya Bell na Mpanzu wawe wawili dhidi ya watatu kabla Doughty hajarudi. Dhidi ya timu za namna hiyo, hasa ugenini, nilianza mechi na ile mbinu ya pili, Doughty akisubiri chini tangu dakika ya kwanza. Na dirisha la Januari lilipofunguliwa, fedha kidogo zilizokuwapo hazikwenda kwa straika. Zilitafuta kiungo wa kushoto mwenye pumzi za dakika tisini.