Gofu la Jumba na Gofu la Mtambo: Kutoka Pate hadi Ramisi

1. Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili ina mapokeo marefu ya kuyatazama magofu. Msomaji wa ushairi wa pwani ya kaskazini anajua kwamba katika ushairi huo jumba lililobomoka si jumba tu, bali ni hoja. Huwekwa mbele yake ili auone mwisho wa mambo na ajirudi. Mapokeo haya yamevuka mipaka ya ushairi. Mwandishi wa gazeti anayepita katika mji uliofifia, mwanafunzi anayeandika insha, na hata kiongozi wa watalii, wote huyarudia, aghalabu bila kutambua wanakoyatoa.

Makala haya yanauliza swali moja: je, mapokeo hayo yanatosha kusawiri gofu la mtambo? Mfano tutakaoutumia ni Ramisi, mji mdogo wa Kwale ulio kwenye barabara ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga, kusini mwa Msambweni, ambao uhai wake kwa miongo sita ulifungamana na kiwanda cha sukari. Hoja yetu ni kwamba hayatoshi. Aidha, yanapotumiwa pasipo tahadhari hufanya jambo lisilo la haki: humpa mfanyakazi mawaidha yaliyotungwa kwa ajili ya tajiri.

2. Pate: gofu kama ibra

Kilele cha mapokeo tunayoyazungumzia ni Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya Pate kupoteza nguvu na utajiri wake. Mshairi anausemesha moyo wake. Anauonyesha majumba yaliyokuwa yaking'ara kwa taa na kujaa vyombo vya Kichina, kisha anauonyesha majumba hayo hayo yakiwa makazi ya popo na ndege, na zidaka zilizopambwa zikiwa viota.

Wahakiki wengi wameshughulikia umbuji wa utungo huu na mafundisho yake ya dini. Jambo moja la kimuundo halijasisitizwa vya kutosha, nalo ni uhusiano kati ya gofu na anayeambiwa. Moyo unaokaripiwa ni moyo ulioionja dunia, au uliotamani kuionja. Waliokaa katika majumba yale walikuwa na mali, watumwa na majina makubwa. Ndiyo maana karipio lina uzito: linamwendea yule aliyedhani kwamba kuta za mawe zingemkinga na mauti. Ibra ya gofu ni silaha ya kimaadili dhidi ya kiburi cha wenye nacho.

Kwa hiyo hatuna ugomvi na Al-Inkishafi. Mashaka yetu yanahusu kinachotokea pale taswira yake inapong'olewa kutoka kwa hadhira yake na kupachikwa mahali pengine. Gofu hubaki, popo hubaki, huzuni hubaki, lakini swali la nani anaambiwa na kwa sababu gani hupotea. Kinachosalia ni simanzi isiyo na mwenyewe.

3. Ramisi: gofu lenye sababu

Kilimo cha miwa cha kibiashara nchini Kenya kilianzia sehemu mbili katika miaka ya 1920: Miwani upande wa ziwa, mwaka 1922, na Ramisi upande wa pwani, mwaka 1927. Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Kati ya tarehe hizi mbili mna maisha ya watu wa vizazi vitatu: Wadigo wenyeji wa nchi, Wakamba na wengine waliohamia kutafuta kazi, na Wamakonde waliotoka kaskazini mwa Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale.

Historia ya Wamakonde hao inaonyesha upungufu wa taswira ya gofu kuliko kitu chochote kingine. Kiwanda kilipokufa, wao hawakufa. Walibaki Kwale, wakazaa na kuzeeka hapo, lakini bila vitambulisho vya uraia. Mwezi Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki hiyo, wakatambuliwa na serikali kuwa kabila la 43 la Kenya, miaka 28 baada ya mtambo kusimama. Mshairi akilisimamisha gofu la Ramisi mbele yetu na kutuambia kwamba dunia ni kivuli kipitacho, atakuwa amesema kweli kwa ujumla. Hata hivyo, kwa mtu aliyekata miwa iliyotiwa katika mtambo ule na akakosa hata karatasi ya kumtambua, maneno hayo ni ya ajabu. Yeye hakuwa na kiburi cha kuvunjwa. Dunia haikumdanganya kwa anasa, maana hakupewa anasa. Kumtaka ajifunze kutokana na gofu ni kumtaka atubie dhambi ya mwingine.

Hapa pana tofauti ya msingi. Jumba la Pate, katika mantiki ya utungo, liliangushwa na zamani: wakati na kudra ndio watendaji. Kiwanda hakiangushwi na zamani. Hufungwa na watu, kwa maamuzi, madeni na hesabu, siku fulani ya mwaka fulani. Ardhi iliyokuwa chini ya miwa haikugeuka pori la kishairi, iligeuka mgogoro. Kampuni ya KISCOL ilipopewa ardhi hiyo na kujenga kiwanda kipya kilichoanza kusaga miwa katikati ya miaka ya 2010, swali la nani mwenye haki juu ya mashamba hayo lilizuka upya baina ya kampuni na wakazi waliokuwa wakiyalima. Gofu linalopiganiwa mahakamani si alama ya utupu.

4. Ushahidi wa msamiati

Lugha yenyewe inaunga mkono hoja hii. Neno gofu katika Kiswahili hutumika kwa nyumba, na pia kwa mtu: gofu la mtu ni aliyekonda akabaki mifupa. Katika matumizi yote mawili anayetajwa ni kitu kilichoishiwa na nguvu zake chenyewe. Gari lililochakaa lina jina lake, mkweche, lenye dhihaka na mapenzi kwa pamoja, kwa sababu mkweche bado unakwenda, au angalau mwenyewe anadai kwamba unakwenda. Kiwanda kilichofungwa hakina jina mahususi. Watu hukiita kwa jina la mahali: Ramisi ni mto, Ramisi ni mji, na Ramisi ni kiwanda. Ukosefu huu wa jina ni dalili kwamba fasihi haijakipa kitu hiki mahali pake.

Kwa upande mwingine, msamiati wa kazi ni tajiri. Kinu ni cha kutwangia nafaka, lakini pia ni cha kushindikia mafuta au miwa. Vinu vya ufuta vilivyozungushwa na ngamia vilijulikana katika miji ya pwani kabla ya mvuke. Injini ya mvuke ilipofika haikuhitaji jina geni: kilipatikana kinu cha moshi, kama lilivyopatikana gari la moshi. Bomba la kutolea moshi likaitwa dohani. Mtambo, ambao leo tunauhusisha na viwanda vikubwa, katika kamusi za zamani ni pia kifyatulio cha bunduki, matumbo ya saa na mtego wa kunasia wanyama. Sukari guru ilikuwapo Pangani katika karne ya 19, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa, kabla ya sukari nyeupe ya Ramisi.

Mhakiki anayeyasikia maneno haya hawezi kuuona mtambo kama mgeni aliyekuja akaondoka. Kila neno linataja tendo: kushindika, kutwanga, kunasa, kufyatua. Na kila tendo lina mtendaji. Msamiati umehifadhi kile ambacho taswira ya gofu inakifuta, yaani mkono wa mtu.

5. Mawe yanayolindwa na vyuma vinavyouzwa

Pwani ya kusini haina uhaba wa magofu yanayoheshimiwa. Uko msikiti wa kale wa Kongo huko Diani. Iko nyumba ya Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, pale Gazi. Yako mapango ya Shimoni. Vyote hivi vimo katika ratiba ya mtalii anayelala katika hoteli za Diani. Mtazamo wa mtalii nao unapenda ukimya: kitu cha kale huvutia zaidi kikikosa wadai.

Sheria pia ina mpaka wake. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Waziri anaweza kulitangaza jengo la baadaye kuwa kumbukumbu, lakini mashine ya mwaka 1927 hailindwi na umri wake. Jiwe la msikiti ni turathi. Gurudumu la kinu cha miwa ni chuma chakavu, na thamani yake hupimwa kwa kilo. Hapo ndipo uhakiki unapoingia. Pale sheria inapokoma kuhifadhi kitu, hubaki fasihi. Na fasihi ikikihifadhi kwa taswira isiyokifaa, kitu hicho hupotea mara mbili.

6. Njia nyingine: Kuli na Walenisi

Isidhaniwe kwamba fasihi ya Kiswahili haina kielelezo kingine. Katika Kuli (1979), Adam Shafi anaisawiri bandari ya Unguja mpaka mgomo wa mwaka 1948. Bandari katika riwaya hiyo si mandhari. Inajulikana kupitia mwili wa Rashid na wenzake: mizigo, jasho, uchovu, na hatimaye umoja. Msomaji akimaliza riwaya hawezi tena kutazama gati la zamani na kuona uzuri wa kutu pekee. Uhalisia wa aina hii umewahi kushutumiwa kwa kuwa wa kimaelekezo mno, na shutuma hiyo ina ukweli wake katika usawiri wa baadhi ya wahusika. Hata hivyo, katika suala la mtambo na mfanyakazi umefanya kazi ambayo ushairi wa magofu hauwezi kuifanya.

Mfano wa pili ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mwanasosholojia na mwana wa pwani. Mhusika mkuu, Dzombo, ambaye jina lake ni pia la mlima wa Kwale, anahukumiwa kufa kwa kutiwa ndani ya chombo cha kumrusha angani. Chombo kilichokusudiwa kumwua ndicho kinachomfikisha katika jamii ya haki, ambayo jina lake likitenganishwa husomeka: wale ni sisi. Mkangi hakuandika juu ya viwanda vya sukari, na si nia yetu kumlazimisha. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba kwake mashine haina maana moja iliyokwisha kuamuliwa. Maana yake hutegemea imo mikononi mwa nani na inaelekezwa wapi. Hilo ndilo swali ambalo taswira ya gofu hailiulizi.

Tukichanganya vielelezo hivi viwili tunapata kanuni ya usomaji ambayo methali imekuwa nayo siku zote: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii kwa kawaida hufasiriwa kama sifa kwa fundi. Tunapendekeza isomwe pia kinyumenyume. Kilichoundwa na watu kikikwama, kimekwamishwa na watu. Na msomaji wa gofu la mtambo anapaswa kuuliza ni nani walioliunda, nani walioliendesha, na nani walioliacha.

7. Hitimisho

Swali hili halihusu yaliyopita peke yake. Machimbo ya Base Titanium katika Kwale, yaliyoanza uzalishaji mwaka 2013, yalisitisha uchimbaji mwezi Desemba 2024. Mtambo wa namna hiyo hujengwa ukijulikana siku ya kufa kwake, na mpango wa kufunga machimbo hutaka ardhi isawazishwe na kupandwa upya. Huenda basi gofu la kesho lisiwe na kuta wala dohani ya kutazamwa. Fasihi iliyozoea kuhuzunika mbele ya kuta itakosa hata pa kusimama, ilhali watu waliofanya kazi hapo watakuwapo.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa uzamili ni ya haraka. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 Ramisi ilipofungwa leo anakaribia miaka 60. Yeye ndiye anayejua kila sehemu ya kinu iliitwaje, kwa Kidigo, kwa Kimakonde na kwa Kiswahili cha kiwandani, na nyimbo zipi ziliimbwa wakati wa kukata miwa na wakati wa kungoja mshahara. Hayo yakikusanywa, tutakuwa na matini ya kuhakiki. Yasipokusanywa, tutabaki na picha ya chuma kilichoota majani, na kila apitaye barabarani ataipa maana aitakayo.